Miaka Mitatu ya Manyoya, na Furukombe wa Kulwa

Wadogo zangu wa klabu ya mali hai,

Mwalimu wenu aliniomba nije nisimame mbele yenu Ijumaa niwaeleze kazi ya kuediti picha za ndege. Nilimkubalia kwa kichwa, nikaenda nyumbani nikatafuta visingizio mpaka Jumapili. Mbele ya watu mimi sauti hunikimbia, mnaonijua mnajua. Kwa hiyo nimechukua kurasa za daftari langu ninaloandika tangu kidato cha kwanza, nimezinyoosha kidogo, na nimemwomba mwalimu awasomee. Akifika mahali panaponiaibisha asiruke. Nimepaandika kwa makusudi.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na tisa, lakini nimekaa miaka mitatu kwenye kompyuta ya studio ya Mzee Kasiano, pale karibu na soko: jioni baada ya shule, likizo zote, na mwaka huu kutwa nzima baada ya kumaliza kidato cha nne. Mwezi ujao nakwenda chuo Tabora. Mzee anataka wawili kati yenu waje kujifunza. Kabla hamjaja, kuna mambo ambayo hakuna mtu atawaambia, kwa sababu anayeyajua anaona haya. Huyo ni mimi.

Nianze na kanga aliyeolewa.

Studio ya Mzee Kasiano inaishi kwa harusi, kipaimara na paspoti. Ndege ni mapenzi yake mwenyewe. Ana lenzi ndefu aliyoinunua kwa fundi mmoja aliyekuwa anahama, na kila akipata gari la kwenda Sitalike, kwenye hifadhi, anapanda, anarudi na kadi ya kamera imejaa. Mimi mwanzoni nilikuwa upande wa maharusi. Mnajua maharusi wetu wanavyotaka: chunusi zitoke, makunyanzi yatoke, uso ung'ae kama sahani. Nilijua kulainisha ngozi kwa mkono mmoja huku nakula karanga kwa mwingine.

Siku moja Mzee akaniambia, "Sabina, hebu nisaidie na huyu kanga."

Nikafurahi kupita kiasi. Nikamfungua yule kanga, nikaona ana chenga kwenye picha, vile vidoti vya mchanga vinavyotokea ukipiga mahali penye giza. Nikafanya nilichokijua. Nikalainisha. Chenga zote zikaondoka. Nikaongeza mwanga shavuni. Nikaita, "Mzee, tayari."

Akaja, akainama, akaangalia. Halafu akauliza, "Huyu kanga anaolewa lini?"

Mama Tuma anayeuza vocha kibarazani kwetu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mahari imeshalipwa au bado?" akauliza. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini nilipoangalia vizuri nikaona alichokiona Mzee. Yale madoa meupe ya kanga, ambayo kila moja lina mviringo wake na limekaa kwenye unyoya wake, yalikuwa yamemwagika kama maziwa kwenye shati. Manyoya hayakuwepo. Kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kichwa cha kanga.

Hilo kosa mtalifanya na nyie, kwa sababu mtaanzia kwenye sura za watu. Sura unaisamehe. Ndege usimsamehe, unamweka alivyo. Kompyuta haijui tofauti ya chenga na unyoya. Vyote inaviona ni vitu vidogo vidogo, ukiiambia ifute inafuta vyote. Kwa hiyo chagua mandhari ya nyuma peke yake, majani, maji, anga, lainisha huko unavyotaka. Kwa ndege mwenyewe gusa kidogo sana au acha. Picha yenye chenga kidogo na manyoya yote ni bora kuliko picha safi ya mfuko.

Kesho yake Mzee aliniwekea mezani kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na manyoya: ya kuku, ya njiwa, ya kanga wa kufuga. Ya hifadhini hayaokotwi, alinionya hilo kabla hata sijauliza. Akaniambia nichukue mmoja, niupitishe vidoleni kwenda juu, halafu kurudi chini.

"Umesikia nini?"

"Kwenda juu ni laini. Kurudi kunakwaruza."

"Basi unyoya una upande. Una uti katikati, na nyuzi zinatoka kwenye uti zinalala upande mmoja. Ukiediti ukapoteza ule mlalo, umemvua nguo."

Tangu hapo ikawa desturi: kabla ya kumgusa ndege kwenye kompyuta unapitisha unyoya vidoleni. Mtaona ujinga wiki ya kwanza. Wiki ya pili jicho lenu litaanza kukwaruzwa pale mlalo ulipopotea.

Mzee mwenyewe hakuwa na raha na macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na la kulia likaanza kulifuata. Alijifanya haoni shida, lakini nilimwona akisogeza pua mpaka inagusa kioo. Ndiyo maana aliweka sheria ya studio, kwamba picha ya ndege haitoki mlangoni mpaka mtu mwingine, siyo aliyeiediti, aikuze mpaka ukubwa wake kamili na kuipitia kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua mchele. Akimaliza anasema imepita. Alikuwa anaediti yeye, nachambua mimi. Nikaanza kuediti mimi, tukachambua wote wawili. Nilikuwa macho yake. Hakuwahi kusema hivyo, lakini nilijisemea mwenyewe kwenye daftari, tarehe kadhaa mfululizo.

Kitu kimoja tu nilikikosa. Mzee Kasiano hasifii. Ukifanya vibaya anakutania, ukifanya vizuri anasema "haya" na kuondoka. Miaka miwili nilikusanya "haya" zake kama mtu anayekusanya vizibo vya soda.

Halafu akaja Kulwa.

Kulwa ni binti wa familia ya wafugaji waliohamia Litapunga na ng'ombe wao wakati yeye akiwa mdogo. Alikuwa amemaliza shule kama mimi, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, na baba yake alimleta studio apigwe picha ya paspoti. Wakati anasubiri akasimama mbele ya picha ya yangeyange niliyoiediti mimi na kuitundika ukutani mimi. Wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe. Niliipenda sana ile picha. Kulwa akaiangalia na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu, "Huyu mmempiga saa sita mchana mkamfanya wa asubuhi."

Mzee akageuka. "Umejuaje?"

"Weupe wake, baba. Asubuhi yangeyange ana ubluu kidogo hapa chini ya shingo. Jioni anakuwa wa siagi. Huyu ni mweupe kama chaki, hana hata mstari wa kuonyesha unyoya mmoja umeishia wapi. Mimi nimechunga nao miaka yote, nawajua."

Mzee Kasiano akavuta kiti. Akamwambia akae. Akasema maneno ambayo niliyaandika jioni ile kwa kalamu nyekundu: "Huyu mtoto anaona."

Wadogo zangu, nitakuwa mkweli. Aliposema kwaheri nilimwitikia vizuri kabisa. Halafu nikaingia chumba cha nyuma, nikakaa juu ya kreti la soda, nikamchukia mtu niliyemjua kwa dakika ishirini.

Wiki iliyofuata akaanza kazi.

Wivu wangu haukuwa wa kupiga kelele. Mimi sina kelele. Ulikuwa wa kuhesabu. Nilihesabu mara ngapi Mzee amesimama nyuma ya kiti cha Kulwa na mara ngapi nyuma ya changu. Nilijua Kulwa anaingia na salamu yake ya Kisukuma, "Mwangaluka, baba," na Mzee, Mfipa wa watu, anamjibu "Mwangaluka" kwa lafudhi mbovu huku anacheka, na mimi nikisema "Shikamoo" naambiwa "Marahaba" bila kuinuliwa kichwa. Nilijua Kulwa anaonewa huruma hata akikosea. Aliwahi kumpaka mdiria, yule ndege wa bluu anayevua samaki, rangi mpaka bluu ikawa kama ndoo ya plastiki. Mzee akamwambia tu, "Mwanangu, rangi ikijaa sana inafunika nyuzi. Rudisha mpaka uone unyoya unapumua." Unapumua! Mimi nilipewa harusi ya kanga, yeye anapewa mashairi.

Na hilo la rangi liandikeni, ni kweli. Ndege wa rangi kali anakutia tamaa. Ukivuta rangi mpaka mwisho, bluu tano tofauti zinakuwa bluu moja, na ndani ya bluu moja hakuna unyoya. Punguza mpaka uone tofauti zimerudi, halafu ishia hapo hata kama rafiki zako watasema imepoa.

Kibaya zaidi, alikuwa mzuri kweli. Kwenye weupe hakuna aliyemkaribia. Manyoya meupe ndiyo mtihani wa kazi hii. Jua likiyapiga yanaungua kwenye picha, na palipoungua hapana kitu cha kurudisha, ni karatasi tupu. Kwa hiyo unafanya kazi kwenye lile faili zito linalotoka kwenye kamera kabla halijabanwa, unashusha mwanga wa sehemu nyeupe taratibu, na unasimama pale kivuli chembamba kati ya unyoya na unyoya kinapotokea. Ukizidisha, ndege anakuwa wa kijivu kama amelala kwenye majivu. Mimi nilikuwa napapata mahali hapo kwa kujaribu mara kumi. Kulwa alikuwa anavuta mara moja na kuacha mkono.

"Umejuaje pa kuacha?" nilimuuliza siku moja. Ilinigharimu sana kuuliza.

"Sijui, dada. Namwona tu anavyokuja kwenye ng'ombe."

Jibu gani hilo! Ningemfinya.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kuna mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Sitalike. Alikuja kutaka picha kubwa ya furukombe, yule tai mwenye kichwa na kifua cheupe anayelia juu ya maji, aitundike mapokezi, upana wa ukuta. Mzee alikuwa naye mmoja, amempiga mto Katuma, mabawa yamefunguka, kifua kinawaka. Mzee akatuita wote wawili.

"Macho yangu hayafiki tena huko," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kukiri. "Baada ya hii kazi nataka kiti cha ndege kiwe na mtu wake. Mmoja wenu. Mwingine abaki na maharusi na paspoti. Kila mmoja aediti huyu furukombe. Yule nitakayempeleka kwa mama, aliyemwediti ndiye mwenye kiti."

Nilifanya kazi siku nne. Sikula vizuri. Furukombe wangu alikuwa safi, mabawa meusi yana kila uzi, lakini kifua... kifua kilikuwa kizuri tu. Cha Kulwa kilikuwa cha joto. Ungesema ukiweka kiganja kitainuka na kushuka. Mzee aliviweka viwili kwenye kioo, akasogeza pua, akarudi nyuma, akasogeza tena. Akasema, "Hiki," akagusa cha Kulwa. "Sabina, kichambue, kikipita kipelekwe kwa mchapaji."

Nikakaa kuchambua. Kulwa akavuta kigoda akakaa karibu, magoti yamebanana, anang'ata kucha.

Nikakuza picha. Nikaanza kichwani, nikashuka kifuani, nikafika kwenye ncha za bawa la kulia, pale weusi unapokutana na maji yanayong'aa. Nikaona mstari. Mstari mweupe mwembamba sana, unafuata ukingo wa bawa lote kama uzi wa cherehani.

Ule mstari mimi naujua. Unatokea ukiinoa picha kupita kiasi, ukiilazimisha iwe kali. Kwenye kioo ni kama hakuna. Ukiichapa upana wa ukuta unakuwa kama mtu amemzungushia ndege chaki. Mimi nilishawahi kuufanya na Mzee akanifundisha dawa yake, na Kulwa hakuwa amefundishwa bado, alikuwa na miezi minne tu.

Na Kulwa mwenyewe aliuona! Akainua kidole. "Dada Sabina, hii mistari myeupe pembeni mwa bawa ni nini?"

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja na dakika kumi za kazi.

"Ni jua," nikasema. "Jua likiwa nyuma linafanya hivyo."

"Kumbe! Nilidhani nimeharibu."

"Hapana."

Nikamwita Mzee. "Imepita."

Neno lile nilikuwa nimelisema labda mara mia tatu kabla ya siku hiyo, na halikuwahi kuwa zito mdomoni. Mzee alisema "haya" akaondoka. Hakuangalia tena. Angeangalia kwa jicho gani?

Siku ya kutundika tulikwenda wote kwa gari la yule mama. Mafundi wakapandisha, wakanyoosha, wakashuka kwenye ngazi. Tukarudi nyuma mpaka mlangoni.

Kifua kilikuwa kinapumua kweli. Kuzunguka mabawa yote kulikuwa na ule mstari, mnene kama kidole, mweupe kama wa uwanja wa mpira.

Yule mama aliinamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. "Mzee Kasiano," alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "huyu ndege mmemkata kwenye gazeti mkambandika?"

Dereva wake akacheka. Mzee alisogea mpaka ukutani. Akaweka kidole kwenye mstari, akaufuata kwa kidole kutoka bega la ndege mpaka ncha, taratibu, kama kipofu anayesoma. Nilimwona sikio lake limekuwa jekundu, nami sikujua kama masikio ya wazee hubadilika rangi.

"Nani alichambua?" aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

Kulwa ndiye aliyejibu haraka, anataka kunitetea. "Baba, tuliuona na dada, lakini ni jua. Jua likiwa nyuma linafanya hivyo. Dada aliniambia."

Hakuwa ananishtaki. Aliamini. Hapo ndipo nilipotamani angekuwa ananishtaki.

Mzee alinitazama. Ndiye aliyenifundisha ule mstari, kwa mkono wake juu ya mkono wangu. Alijua kwamba najua. Akamwomba yule mama radhi, akasema studio itachapa nyingine kwa hasara yake, na njia nzima ya kurudi alikaa mbele na dereva akaongea habari za mvua.

Tulipofika studio alisema sentensi moja. "Kiti kitabaki wazi." Akafunika kompyuta ya ndege kwa kitambaa, kama watu wanavyofunika kioo kukiwa na msiba.

Nilikaa na hilo siku tatu. Daftari langu la siku hizo lina mistari michache na mikwaruzo. Siku ya nne nilimkuta Kulwa uani anaosha vikombe vya chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka haya: "Kulwa, haikuwa jua. Nilijua siyo jua."

Akaendelea kuosha kikombe ambacho kilishatakata.

"Ulijua vipi?"

"Mzee alishanifundisha. Unanoa kupita kiasi, inatokea. Nilikiona kifua cha furukombe wako, nikaona wivu. Nikaacha."

"Kwa hiyo ulikaa pale, mimi nakuita dada, nang'ata kucha, wewe unaniangalia naharibikiwa."

"Ndiyo."

Akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Dada, sisi ng'ombe wa jirani akiingia kwenye tope tunamvuta hata kama jana tumegombana na mwenye ng'ombe. Hata kama tumegombana! Wewe umesoma wapi?" Akajifuta mikono kwenye gauni. Alikuwa analia kwa hasira, na mimi pia, lakini mimi sikuwa na haki. "Sitaki pole yako. Kesho ukija nataka unionyeshe ule mstari unavyotoka. Kesho kutwa kitu kingine. Kila siku kimoja, mpaka usibaki na kitu ambacho mimi sina."

"Vyote?"

"Vyote. Hicho ndicho unachodaiwa."

Mzee tulimwambia pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuwa nangoja nani atakuja," akaondoa kitambaa kwenye kompyuta.

Dawa ya mstari ni hii, niliyompa Kulwa siku ya kwanza. Usinoe picha nzima. Kwenye programu, pale pa kunoa, kuna slaida ya kuzuia, kile kidude cha kuvuta kwa kipanya. Ukiivuta huku umebonyeza kitufe cha Alt, picha inageuka nyeusi na nyeupe. Palipo peupe ndipo ukali utaingia, palipo peusi hautaingia. Vuta mpaka maji na anga viwe vyeusi na manyoya ya ndani yabaki meupe. Kingo za mabawa zipitie kwa brashi, upunguze kwa mkono. Na usiinoe picha kabla hujajua itachapwa ukubwa gani. Kwanza ukubwa, halafu kunoa, na kunoa ndiyo kazi ya mwisho kabisa. Kabla ya kuchapa ukuta mzima, chapa kwanza kipande kimoja cha ukingo, ukubwa wa daftari, ukitundike, urudi nyuma hatua tano.

Siku ya pili nilimpa weusi: unavyoinua kivuli kidogo mpaka nyuzi zitokee kwenye bawa, na unavyojua umezidisha chenga zikianza kuchemka. Siku ya tatu, kutunza nakala, usiwahi kuhifadhi juu ya faili la mwanzo. Siku ya nne, jicho la ndege. Ilikwenda wiki tano. Msidhani ilikuwa raha. Kila kitu nilichomfundisha alikifanya vizuri kuliko mimi ndani ya siku mbili, na nilikiona kikiondoka kwangu kama vile nagawa nguo zangu na kila anayepokea zinamkaa. Kuna siku nilificha kimoja. Nikarudi kutoka njiani nikakisema, nikiwa nimekasirika.

Furukombe tulimrudia. Kifua chake, kingo zake, Kulwa peke yake. Mimi nilishika kipande cha majaribio ukutani na kumwambia sogea, sogea, simama. Siku ya kuipeleka picha Kulwa alikuwa na homa. Mzee alikuwa hospitali kwa ajili ya jicho. Nikapeleka mimi na fundi. Yule mama aliona, akaweka mkono kifuani mwake mwenyewe. Niliondoka haraka kabla hajaniuliza.

Wiki mbili baadaye alikuja studio. Mzee alikuwa amelala nyumbani amefungwa jicho. Kulwa alikuwa nje kwa Mama Tuma, nasikia wanabishana bei ya mihogo. Yule mama hakuwa peke yake. Alikuwa na mgeni, mzee mwembamba mwenye kofia, Mtanzania wa Arusha anayepiga ndege karibu mwaka mzima na kutafuta mtu wa kumwediti. Alikuwa amelala kwenye ile nyumba ya wageni, amemkuta furukombe ukutani.

"Ndiye huyu binti," yule mama alimwambia, ananionyesha mimi kwa kiganja. "Kimya hivi hivi, lakini mikono yake! Ndiye aliyeniletea."

Yule mzee akavua kofia. Nawaapia, alivua kofia. "Binti," alisema, "nimepiga furukombe miaka mingi. Sijawahi kuona mtu ameniwekea kifua cheupe namna ile kikabaki na manyoya. Nina kadi kumi na moja. Ningependa zote zije kwako."

Miaka mitatu niliyasubiri maneno ya namna hiyo. Nilikuwa nayafikiria nikiwa natembea, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kanisani. Na yalikuwa yamekuja, mazima, yamevuliwa kofia, na hapakuwa na mtu mwingine ndani ya chumba. Kulwa alikuwa bado anacheka huko nje. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote duniani.

Yule mama alianza kutabasamu, akidhani ni aibu zangu.

"Siyo mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti, binti," yule mzee akasema, "masikio yangu ya zamani."

"Siyo mimi! Mimi ni wa maharusi." Sauti ilitoka kubwa mpaka watu wa kwenye benchi la paspoti wakageuka. Nikaenda mlangoni na wivu wangu ule ule, wala haujaniacha mpaka leo ninapoandika, nikashika fremu ya mlango, nikaita mbele ya kibaraza kizima:

"Kulwa! Acha mihogo, njoo. Kuna mtu anakutafuta."